Boliti Zisizoshika Kutu

Mpaka leo nikiona ufito wa faibaglasi wenye meno ya kutilia nati, mkono hunicheza. Si mzaha. Mke wangu ameshanizoea. Tukipita duka la vifaa pale Malindi na ufito wa namna hiyo umesimamishwa kwenye kona, yeye hutangulia zake kununua unga, maana ajua nitasimama, nitaushika, nitaupima uzito, nitaugonga kwa ukucha, na mwenye duka asiponikomesha nitamweleza habari yake tangu mwanzo hadi mwisho. Basi leo nawaeleza nyinyi, na kunikomesha hamwezi.

Ilikuwa katika miaka ya themanini, nami nina miaka ishirini na saba, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chumvi huko mbele ya Mambrui. Nilikuwa na mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Kila asubuhi lori la kiwanda lilitupakia Mambrui, mimi na mamangu na wenzetu, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa redio. Nilisifu spana zangu, nikasifu mashine zangu, nikajisifu mwenyewe, na mamangu akiwa kule mbele ya lori akijifunika leso uso mzima asijulikane kwamba mzungumzaji yule ni mwanawe.

Ambaye hajafanya kazi ya chumvi hajui chuma kinavyoliwa. Kufuli unaifunga leo mpya inang'aa, miezi miwili baadaye unaifungua kwa nyundo. Baiskeli ya mlinzi ilikatika katikati siku moja imeegeshwa ukutani, haijapandwa na mtu! Sisi mafundi tulikuwa tukipigana vita na kutu kila siku ya Mungu, na kila siku kutu ilishinda.

Ndiyo maana birika la kuoshea chumvi lilijengwa kwa mbao tupu. Lilikuwa refu kama nyumba, mbao nene, na ndani makasia ya mbao yakiisukuma chumvi chafu ndani ya maji ya chumvi mpaka itoke upande wa pili nyeupe. Chuma pekee kilichogusa maji ni boliti ishirini na nne zilizozibana zile mbao. Na boliti hizo, mwaka mmoja kabla ya hadithi hii, nilizifunga mimi. Zilikuja zimepakwa zinki zisishike kutu. Nami nilizikaza kama tulivyokuwa tukikaza boliti zote kiwandani: unaichomekea spana bomba refu, unaning'inia kwenye bomba kwa uzito wako wote, mpaka boliti ilie. Krii! Boliti ambayo haijalia, kwetu sisi ilikuwa haijakazwa. Fundi asiyeiliza boliti alichekwa mpaka ahame kazi.

Hatua kama kumi kutoka birika ilikuwepo meza ya kuchambulia, na wanawake wanane wakiisimamia. Kazi yao ilikuwa kuitandaza chumvi iliyooshwa na kuokota kila kisichokuwa cheupe: mchanga, vijiti, vigaga vya matope. Mkubwa wao alikuwa mamangu. Sasa mwaka ule chumvi ikaanza kutoka na chembe za hudhurungi, ndogo kama chawa. Wakiokota hizi, zaja nyingine. Mnunuzi wa Mombasa akarudisha lori zima, na msimamizi wa meza, mtu mkavu mwenye filimbi shingoni, akaja Jumatatu asubuhi akawasimamisha mbele ya watu wote.

"Macho mnayo au mmeyaacha nyumbani?" akasema. "Nawapa mpaka Jumamosi. Chumvi ikitoka chafu Jumamosi, meza nzima inakwenda, na wewe mama mkubwa ndiye wa kwanza. Sitaki wachafu hapa."

Wachafu! Mamangu, ambaye akiona jani moja limeanguka uani hawezi kunywa chai mpaka aliondoe! Nilimwendea. Nilikuwa na spana mkononi, na mwenzangu akaniona, akanishika kiuno kwa nguvu. Mwenzangu huyo alikuwa mtu wa bara, kutoka upande wa ziwa, Mkristo mcha Mungu aliyekuja Pwani kwa kazi ya miezi sita na akasahau kurudi. "Ndugu yangu," akaninong'oneza, "hapo utapoteza kazi mbili badala ya moja." Mamangu alirudi mezani. Aliinama akaendelea kuokota.

Siku ya pili yake, makasia yaliposimamishwa kwa mapumziko, niliingia ndani ya birika kwa magoti. Nikapitisha kidole kwenye boliti ya kwanza. Yarabi! Kikaja na unga wa hudhurungi. Ya pili, vivyo hivyo. Ganda la zinki lilikuwa limepasuka kuzunguka kila nati, pale pale spana ilipobana, na chini ya zile nyufa kutu ilikuwa ikimenyeka na kudondoka majini. Kumi na mbili, kumi na tatu, ishirini na nne. Zote. Nilikaa ndani ya birika nimelowa mpaka kiunoni, nikaelewa kwamba uchafu anaotukaniwa mamangu ni wangu mimi. Ni mikono hii. Ni lile bomba. Niliona haya, wallahi, haya ambayo sijaiona tena maishani.

Na nikafanya nini? Nikasema nusu. Nilikwenda kwa injinia, kijana mwenye miwani aliyekuwa hajatimiza miezi miwili kiwandani, nikamwambia boliti zimeshika kutu. Nani aliyezipasua, hilo nililimeza.

Injinia alisikiliza, akaja akatazama, akakuna kichwa. Msimamizi alikuwa keshamwambia kwamba wanawake ni wavivu, na yeye mgeni hakutaka ugomvi. "Tubadilishe tuone," akasema. "Jumamosi chumvi yenyewe itatuambia. Lakini nikupe boliti gani? Za chuma cha pua zinaagizwa ng'ambo, miezi mitatu." Halafu akajipiga paji la uso. "Ngoja! Ule mtambo wa pampu uliletwa na fito za faibaglasi, sita. Boliti zisizo na chuma hata kidogo. Ziko wapi?"

Tukaenda stoo. Mtunza stoo, mzee mmoja mstaarabu wa Malindi, akatusikiliza kwa adabu zote.

"Fito za manjano? Zenye meno kama parafujo?" akauliza. "Ala! Zile fimbo za pazia?"

Alikuwa ametundikia mapazia ofisi nzima! Tatu ofisi ya meneja, mbili uhasibu, moja chumba chake mwenyewe cha kuswalia. Nati zake alizitia ndani ya debe akazisahau. "Mimi niliona hazina kutu," akasema, "nikajua hizi si za kazi, hizi ni za mapambo." Tulicheka mpaka injinia akavua miwani. Nilipanda juu ya meza ya meneja, ambaye Mungu alijalia alikuwa safarini, nikashusha mapazia yake, na mara ya kwanza nikaushika ule ufito mkononi.

Lo! Nilidhani ni mzito, mkono ukapaa nao juu nusura nivunje taa. Mwepesi! Ufito mnene kama kidole gumba, mrefu kunishinda, na nauinua kwa vidole viwili. Nikaugonga mezani, ukatoa mlio mkavu wa kifuu cha nazi. Nikaukunja kidogo gotini, ukarudi ulipokuwa. Faibaglasi niliijua, wapi nisiijue, mashua za watalii wa kuvua samaki pale Shella ni hiyo hiyo. Lakini kukatwa meno ikawa boliti, na nati yake hiyo hiyo, na hakuna kutu ya kuzaliwa humo, leo wala kesho! Niliruka juu ya ile meza. Injinia akaniambia nishuke.

Jumatano tulikata. Vilitakiwa vipande ishirini na vinne, na tukipima sawasawa tungepata ishirini na sita, maana fito mbili zilikuwa ndefu kuliko nyingine. Injinia alikuwa na karatasi iliyokuja na fito, akawa anatusomea: tumieni msumeno wa meno madogo, mwagieni maji vumbi lisiruke. Nani alimsikiliza? Tukakata kavu. Baada ya fito mbili mwenzangu akaanza kujikuna shingo, halafu mikono, halafu akavua shati.

"Hii kitu inawasha, ndugu yangu! Ni kama upupu!"

Nilimcheka na Kiswahili chake cha bara, na "hii kitu" yake, mpaka upupu ukanifikia mimi. Tulijikuna kama kuku wenye utitiri. Tukakimbilia mfereji, na fito zilizobaki tukazikata chini ya maji, taratibu, kama karatasi ilivyosema.

Alhamisi asubuhi tukatoa boliti mbili za zamani tuanze kufunga. Injinia akafungua karatasi yake tena. "Hapa wanasema zisikazwe kama chuma, zikazwe kwa..."

"Bwana injinia," nikamkata, "kukaza ni kukaza." Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia.

Haikulia krii. Ilisema tap, sauti ndogo tu, na spana ikazunguka bure. Meno yote yamenyolewa, unga mweupe ukanidondokea kiatuni. Nikadhani kile kipande ni kibovu. Nikachukua cha pili, nikaning'inia tena, na hapo tena: tap. Vya ziada viwili vyote nimevimaliza kwa dakika tano! Vimebaki ishirini na vinne kwa matundu ishirini na nne, na Jumamosi ni keshokutwa. Injinia alinitazama, akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati langu, akaenda zake. Mwenzangu akasema, "Leo wewe usishike spana tena. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Mdomo wangu njia nzima ulifungwa, watu wa lori la chumvi nililodandia wakauliza kama naumwa.

Alasiri hiyo, mamangu alipokwisha kutoka kazini, nilimkuta amekaa uani Mambrui juu ya kibao, anashona ukili. Alikuwa akiunganisha utepe kwa utepe wa ukili kufanya mkeka, kwa uzi wa miyaa, bila haraka. Ukingo wa leso yake ulikuwa na doa la hudhurungi, na nilipolitazama akalikunja chini ya goti. Nilidhani ni rangi ya kutilia miyaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwani nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Si yote. Nilimweleza habari ya vile vipande viwili na lile bomba. Alisikiliza huku mkono unakwenda, halafu akasema, "Njoo ukae hapa. Lete mkono."

Akanipa sindano na uzi. Nikatia, nikavuta, uzi ukakatika. Nikavuta mwingine, ukili ukajikunja kama sikio la mbuzi. Mamangu akanipiga kofi la mkono, si la kuumiza, nami mtu mzima wa ndevu.

"Una hasira na nini? Ukili haujakuibia kitu. Vuta mpaka ulale juu ya mwenzake. Umelala? Basi. Ukishalala usiusumbue."

Akauweka mkono wake juu ya wangu. Tukavuta pamoja, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na nikaanza kusikia: uzi unakuja, unakuja, halafu unakaa. Hapo ndipo. Zaidi ya hapo si kukaza tena, ni kuharibu. Nikaitoa karatasi ya injinia mfukoni, nikasoma kwa mara ya kwanza, na wallahi maneno yalikuwa hayo hayo ya mamangu, ila wao wameyaandika kwa tarakimu: zungusha kwa mkono mpaka ikae, ongeza robo ya mzunguko, tilia washa pana, kile kisahani chenye tundu, chini ya nati, weka nati ya pili iishike ya kwanza. Nilisimama nikambusu kichwani. Akanifukuza, eti nakanyaga mkeka.

Ijumaa tulianza alfajiri, mimi na mwenzangu. Grisi hatukutumia, hii ni chumvi ya watu kula. Mamangu alikuwa amenipa chupa yake ya mafuta ya nazi ya kichwani, na kila kipande nilikipaka humo. Birika zima lilinukia arusi. Nikazungusha kwa vidole. Nikashika spana fupi, bila bomba, nikafunga macho nisikilize.

"Imelala?" mwenzangu akauliza.

"Imelala."

"Usiisumbue."

Ya kwanza, ya pili, ya tano! Tulipofika kumi tulikuwa tukiimba: imelala, usiisumbue! Nikaenda kuswali Ijumaa, nikarudi mbio, tukamaliza ya ishirini na nne saa tisa. Hakuna hata moja iliyosema tap. Tukafungua maji.

Birika likavuja. Si sana, lakini kila kiungo, tone, tone, tone. Msimamizi alikuja na filimbi yake akasimama mikono kiunoni. "Plastiki," akasema. "Nilijua. Zikazeni, au kesho nafukuza na mafundi." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta bomba. Miaka yote nimeujibu uvujaji kwa bomba! Nikaangaza huku na huku, silioni. Mwenzangu alikuwa amelikalia, ametulia kama mtu anayengoja chakula.

"Simama," nikamwambia.

"Sisimami."

"Simama, mamangu atafukuzwa!"

Ndipo mamangu akauliza kutoka mezani, bila hata kuinua kichwa: "Zimelala?"

Nikagusa moja. Nikagusa nyingine. "Zimelala, mama."

"Basi waziudhi za nini?"

Niliacha. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, kuondoka penye tone linalodondoka na mikono yangu mitupu.

Jumamosi niliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama. Nikakimbia mpaka birika. Nikapitisha kiganja chini ya kiungo cha kwanza: kikavu. Cha pili: kikavu. Mbao zilikuwa zimekunywa maji usiku kucha zikavimba, zikajibana zenyewe. Lau ningezikaza jana, mbao zikavimba juu ya mkazo wangu, zote ishirini na nne zingenyolewa kabla hakujapambazuka. Nilipiga ukelele mmoja mlinzi akatoka na rungu.

Injinia akaja, msimamizi akaja. Makasia yakazunguka, chumvi ikaingia, na sote tukasogea mezani. Mamangu akatandaza mikono yake juu ya chumvi, akaisambaza polepole. Nyeupe. Akachota ya pili. Nyeupe. Wanawake wanane waliinama wakitafuta, na hawakuona cha kuokota. Ya tatu, ya nne, nyeupe pepepe! Mmoja wao akapiga kigelegele, wote wakapokea, mwenzangu akanibeba mzima mzima, na injinia akawa anapiga makofi.

Msimamizi akapuliza filimbi. "Haya, haya. Mnaona? Mkitaka mnaweza. Mmeacha uchafu, nami nimewasamehe."

Vigelegele vikakatika. Nilimtazama mamangu. Alikuwa ameshainama kuendelea na kazi, kama siku ile.

"Si wao!" Nilipiga kelele, hata mimi sauti yangu ilinishtua. "Wewe bwana huna cha kuwasamehe. Ilikuwa kutu. Boliti zile nilizifunga mimi mwaka jana, nikazikaza kwa bomba mpaka zinki ikapasuka. Uchafu ni wangu. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Makasia tu yakizunguka. Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Pampu zina boliti hamsini na mbili," akasema. "Nitaagiza fito nyingine. Utazifunga wewe." Akamgeukia msimamizi. "Na wewe, waombe akina mama radhi." Msimamizi akaomba, kwa sauti ya chini, akiitazama filimbi yake.

Nilidhani mamangu atafurahi. Alinijia amekunja uso, akanivuta nyuma ya birika, akanifinya mkono kwa hasira.

"Mpumbavu we! Miezi mitatu nazificha, nawe wazitoa mbele za watu?"

Sikumwelewa. Akaushika ukingo wa leso yake, pale penye doa, akafungua fundo. Ndani zilikuwemo chembe za hudhurungi, rundo lijaalo kijiko, zimeganda na kulitia kutu fundo zima.

"Wiki ya kwanza tu nilijua ni kutu," akasema. "Mchanga hautii doa. Nikatazama birika, nikajua ni boliti zako."

"Na ulinyamaza? Akakuita mchafu ukanyamaza?"

"Ningesema ni kutu, wangeuliza nani aliyekaza."

Mamangu akanishika kiganja, akanimiminia zile chembe, akazifunika kwa vidole vyangu mwenyewe. "Shika. Zako hizi. Sasa niache nikafanye kazi."

Kazi hiyo aliifanya miaka tisa zaidi. Leso ile aliivaa mpaka ikachanika, na doa la kutu pale ukingoni halikutoka.